Hiace ya kukodi, Tegeta hadi Marangu, na watoto watano ndani: dereva nyota tano, gari tatu, ofisi moja na nusu

Nianze na jibu, maana najua wengi mnasoma hapa mkitafuta usafiri wa Desemba: ndiyo, ningekodi tena, na ningemtaka dereva yuleyule. Ofisi yake ndiyo yenye maneno. Jina la ofisi silitaji kwa sababu kuna hesabu kati yetu haijafungwa, na sitaki ionekane naandika ili nilipwe.

Gari ni Toyota Hiace ya paa la juu, viti kumi na vinne, iliyokodiwa pamoja na dereva. Ilitutoa Tegeta, Dar es Salaam, ikakaa nasi Marangu, Kilimanjaro, sikukuu yote, ikaturudisha baada ya Mwaka Mpya. Ndani tulikuwa mimi na baba watoto, watoto wetu watatu (miaka sita, minne, na mwingine miezi minane), wifi yangu na wanawe wawili, shemeji yangu mdogo ambaye bado yuko chuo, dada wa nyumbani, na mama mkwe ambaye goti lake halitaki ngazi. Baba mkwe alikuwa ametangulia kijijini kusimamia mambo ya mbuzi.

Safari yenyewe wenye asili ya Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa. Mimi ni wa Muheza, nimeolewa uchaggani, na mwaka wa kwanza nilidhani ule utani wa Wachagga kwenda kuhesabiwa kijijini Desemba ni utani tu. Si utani. Mwaka huu ndiyo kabisa, kwa sababu bibi mzaa baba wa mume wangu yupo, ameshavuka miaka tisini, na wazee waliamua ukoo mzima ukutane kihambani kwake, yaani kwenye shamba la ukoo: watoto wake, wajukuu, vitukuu. Mwanangu wa miezi minane alikuwa hajawahi kumwona. Kwa hiyo kutokwenda halikuwa jambo la kuzungumza. La kuzungumza lilikuwa tunafikaje.

Basi tuliliacha mapema. Nauli kikomo LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wanapanga, lakini shida yetu haikuwa nauli, ni kuingia Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis alfajiri ya wiki ya Krismasi na watoto watano, mabegi, ndoo ya mchele, na mama mkwe anayetembea kwa kuhesabu hatua. Treni nilikuwa naitaka mimi. Ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya reli ile kukaa miaka mingi bila abiria, na watoto wangeshangilia kulala humo. Lakini treni inakushusha Moshi mjini, na hapo una kilomita kama 40 bado kufika Marangu, na mizigo yako yote iko chini inakuangalia. Gari letu wenyewe ni kale kadogo, IST. Mnaijua IST.

Ikabaki kukodi. Noah ilikuwa rahisi zaidi ila watu wasingetosha, Coaster ilikuwa kubwa na bei yake ya msimu haina aibu. Hiace ikawa katikati.

Kabla ya bei, tazama kibao cha namba. Gari la biashara lina kibao cheupe, la binafsi lina cha njano. Msimu ule utapigiwa simu na watu wenye Alphard safi za kibao cha njano, bei nzuri, kiti cha ngozi, kila kitu. Trafiki akiwasimamisha akajua mmelipa, safari yenu ni ya mazungumzo marefu kando ya barabara. Na ikitokea ajali, usiulize bima itasema nini. Gari letu lilikuwa na kibao cheupe, na dereva alinionyesha bima na leseni ya usafirishaji kabla sijaomba. Hapo walinipata.

Bei tuliyokubaliana ilikuwa shilingi 250,000 kwa siku, mafuta juu yetu. Nusu tukalipa kwa simu, nusu tukifika. Kisha siku mbili kabla ya safari ikaja simu: "Mama, msimu umepanda, itabidi muongeze laki moja." Msimu umepanda! Kana kwamba Krismasi ilihamishwa tarehe bila taarifa. Tulikuwa tumeshatoa nusu, mama mkwe ameshafunga vitenge vyake, wangetufanya nini wakijua hatuna pa kwenda? Tukaongeza. Risiti ya ile laki nimeidai mpaka leo naambiwa mhasibu yuko likizo. Nyota ya kwanza ya ofisi ilianguka hapo.

Jambo jingine la kuuliza mapema ni siku ambazo gari limelala. Ukishafika kijijini gari halitembei sana, lakini unalipia siku nzima, na juu yake posho ya dereva. Ofisi ilitaka posho ya chakula na malazi hata baada ya kujua dereva analala kwa baba mkwe na anakula mezani na sisi. Baba watoto alibishana nao kwa simu mpaka wakakubali siku za kulala ziwe nusu bei na posho ya malazi iondoke. Kwa hiyo inawezekana, ila hawatakwambia wao. Kama hamna wazee wa kuwazungusha huko, fikirieni gari liwashushe lirudi. Sisi tulihitaji libaki, nitaeleza.

Sasa gari. Mlango wa kuteleza uko kushoto, upande wa ukingo wa barabara, na kwa mwenye watoto wadogo hilo ni kubwa kuliko kiti cha ngozi. Wanashuka majanini, hawashukii kwenye magari. Paa la juu linakuruhusu kusimama ukiwa umeinama kidogo, ukabadilisha pampasi bila kuvunja kiuno. Mikanda ipo viti vyote isipokuwa vile vya kukunja vya pembeni, vile vinavyoziba njia. Pale hatukumkalisha mtoto hata mmoja. Shemeji alikaa kimoja, akalalamika tangu Bagamoyo, akaambiwa yeye ndiye kijana. Kiti cha mtoto mchanga tulikwenda nacho wenyewe, kile kinachofungwa kwa mkanda wa gari, na kilikaa vizuri safu ya pili. Ofisi hawana viti vya watoto. Niliuliza, yule binti wa simu akanijibu, "Vya watoto wa ngapi?" nikajua hajawahi kuulizwa.

Kiyoyozi ni cha watu wa mbele. Maandishi ya tangazo yalisema "full AC", na kweli matundu yako mpaka nyuma, ila upepo wenyewe unafika nyuma ukiwa umechoka. Asubuhi hamuoni tofauti. Kuanzia Mombo mpaka Same mtaiona. Na wale wawili wanaokaa mbele na dereva wajue injini ya Hiace iko chini ya viti vile, joto linapanda miguuni. Tulikuwa tumemweka mama mkwe mbele kwa heshima. Korogwe tukamhamishia safu ya pili kwa heshima kubwa zaidi.

Mizigo: nyuma ya kiti cha mwisho panatosha mabegi manne makubwa, si zaidi. Vingine vilipanda keria, turubai juu, kamba. Dereva alifunga mwenyewe, hakumwachia shemeji, na mvua ilipotukuta Himo hakuna kilicholowa.

Kisha ile pafyumu. Kijani, imening'inia kwenye kioo, harufu ya kitu ambacho nadhani walikusudia kiwe tufaha. Kwa mtu mzima ni kero ndogo. Kwa mtoto wa miaka minne aliyekunywa maziwa saa kumi na moja alfajiri ni hesabu ya dakika tu. Tulikuwa kati ya Bagamoyo na Msata alipogeuka rangi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 mimi husafiri na makopo ya aiskrimu yenye mfuniko, na ninawashauri wenye watoto wote mfanye hivyo: linapokea, linafungwa, linaoshwa sheli ya mbele. Kopo la kwanza likafanya kazi yake. Dereva akasogea pembeni bila kuambiwa, akaing'oa ile pafyumu, akaitia kwenye soksi yake ya akiba na kuifungia chini ya kiti. Akafungua madirisha. Akasema, "Samahani, mama. Ofisi ndiyo wanaweka, mimi mwenyewe inanipa kichwa."

Huyo dereva sasa.

Ni mtu wa makamo, Mpare wa milimani huko Same, na mama mkwe alipolijua hilo tulikuwa hatujafika hata Bunju. Wapare na Wachagga ni watani, Mpare hutaniwa kwa kupenda kesi na kubana hela, na mama mkwe ni mtu aliyekaa Dar miezi mingi kwa ajili ya goti bila kupata Mpare wa kumalizia hamu. "Mwanangu, gari hili ni lako au la kesi?" Dereva akajibu kwamba kesi yake na Mchagga aliyemuuzia ndizi mbichi bado iko mahakamani, ndiyo maana anaendesha. Basi. Kilomita zaidi ya mia tano za hayo. Nilikuwa nimebeba kishikwambi chenye katuni za kuwatuliza watoto, hawakukitaka mpaka Mombo, walikuwa wanamsikiliza bibi yao.

Kilichonifanya nimpe tano si utani. Kabla ya kuwasha gari alituuliza mambo matatu: mtoto mdogo ananyonya saa ngapi, nani anatapika, na bibi anahitaji kunyoosha mguu kila baada ya muda gani. Nimesafiri na madereva wengi wa spesho, wote huuliza mnataka kufika saa ngapi. Akasema atasimama kila baada ya saa mbili, mtu akibanwa kabla ya hapo aseme tu. Na akasema, mbele ya baba watoto ambaye alikuwa ameshaanza kutazama saa, kwamba hataendesha kwa kufidia muda tuliosimama.

Aliposema hakufidia, hakufidia. Ile barabara ina vijiji vingi, kila kijiji kina kibao cha 50, na baada ya kila kibao cha 50 kuna askari mwenye tochi ya kupima mwendo chini ya mwembe. Faini ni 30,000 kwa kosa. Tulipitwa na magari madogo yenye haraka, kisha tukayapita yakiwa yamesimama na wenye nayo wakitafuta leseni. Hatukusimamishwa kwa mwendo hata mara moja, kwenda wala kurudi. Baba watoto aliguna maeneo ya Mkata kwamba kwa mwendo huu tutafika ndafu imeshaliwa. Mama mkwe akamjibu bila kugeuka: "Bibi yako amengoja miaka tisini na zaidi. Wewe masaa mawili yanakuua?"

Kwa wasioijua njia: sisi wa Tegeta hatuna haja ya kwenda kuzunguka Chalinze. Tunapita Bagamoyo, halafu ile lami ya kilomita 64 mpaka Msata, tunaingia barabara ya Segera pale. Alfajiri ina magari machache na ni nyoofu. Wa Kimara na Mbezi Luis mnayo njia nane yenu mpaka Kibaha, tumieni. Baada ya Msata mnashuka Mto Wami, na hapo kwa mara ya kwanza sikufumba macho, maana daraja ni lile jipya, pana. Wanaolikumbuka la zamani, jembamba, malori yakisubiriana chini ya ule mteremko, watanielewa.

Vituo vya kuchimba dawa alivichagua kwa akili. Hasimami porini kama mabasi, "wanaume kushoto wanawake kulia". Anasimama sheli, na si kila sheli, zile anazojua choo kina maji na mlinzi anaweza kukupa ndoo. Kwa mwenye mtoto wa kike anayejifunza choo, hilo pekee linastahili nyota. Kila kituo alizunguka gari akapiga matairi teke. Tairi la akiba sikumwona akilipiga, na hilo tutalirudia.

Chakula tulikula Korogwe. Ushauri: msile pale mabasi yanaposimama. Si kwamba chakula ni kibaya, ni kwamba watu mia mbili wamepewa dakika ishirini, na mtoto wako wa miaka mitatu hawezi kushindana nao kwenye foleni ya sahani wala ya choo. Dereva alitupeleka mgahawa mdogo uliojificha nyuma ya maduka, meza chini ya mti, wali, maharage ya nazi, mchicha, samaki wa kukaanga, na mama mwenye mgahawa akambeba mtoto wangu bila kuombwa mpaka nikamaliza sahani. Maharage ya nazi ya Korogwe, mimi nimetoka mkoa huohuo, sitakuwa mkweli nikisema sina upendeleo. Mama mkwe alikuwa na hotipoti yake ya ndizi na nyama, na mayai ya kuchemsha, akala ya kwake. Halafu akaonja maharage. Halafu akaagiza sahani.

Kutoka hapo Usambara iko mkono wa kulia, mashamba ya mkonge yanaanza, mistari kwa mistari, na watoto wakubwa wakashindana kuhesabu wakachoka. Mombo ukishaipita, joto. Hapo ndipo lile swali la kiyoyozi lilipojibiwa. Nyuma kulikuwa na jiko. Tulilowesha kanga mbili, moja dirishani, moja shingoni mwa dada wa nyumbani aliyekuwa na wa miezi minane. Dereva akapendekeza wenye watoto waje safu za mbele na sisi wazima twende nyuma, tukabadilishana pale Hedaru. Ofisi ikisoma hapa: tengenezeni lile feni la nyuma kabla ya kuandika "full AC" tena.

Skrini nayo. Ipo, juu kabisa mbele, ina sauti nzuri, na ilikuja na video za muziki ambazo mabinti wake hawakuvaa vya kutosha kwa safari yenye mama mkwe. Wimbo wa pili haukuisha. "Hao hawana mama?" aliuliza, dereva akazima haraka. Bahati shemeji alikuwa na flashi yenye kwaya na nyimbo za watoto. Nendeni na flashi yenu.

Same tulisimama tena, na dereva alipigiwa honi na nusu ya stendi, kwao. Akatumia dakika tano tu, nilizitazama, akarudi na miwa iliyomenywa ya watoto. Mama mkwe akauliza kama ameweka dhamana nyumba kuinunua. Baada ya Mwanga kila mtoto alikuwa shingo mbele anatafuta mlima, na mlima ulikuwa ndani ya wingu zito, kama kawaida yake mchana. Mtoto mdogo wa wifi yangu akaanza kulia kwamba tumemdanganya. Dereva akamwambia mlima umelala, anayeamka mapema ndiye anauona. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi yule mtoto alikuwa uani na soksi moja, anautazama.

Himo tulikwama kidogo, magari yote ya Dar yanataka kukata kulia kwa wakati mmoja, na mvua ikaanza. Mpaka Marangu Mtoni ni lami na haina shida. Shida ni kutoka lami kwenda nyumbani. Njia yetu ni ya udongo, inateremka katikati ya migomba, na udongo ule ukilowa ni sabuni. Ofisi ilikuwa imeahidi "mpaka mlangoni". Dereva alishuka, akatembea njia yote kwa miguu na mwavuli, akarudi akasema hapana. Hiace inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, ina mzigo juu ya paa, watoto ndani, na upande wa kushoto kuna mfereji. Baba watoto hakufurahi. Mimi nilifurahi. Wapwa walikuja na pikipiki na mabega, mizigo ikaenda, mama mkwe akapelekwa na Land Cruiser ya jirani, na gari likalala uwanjani kwa kanisa. Kesho yake jua lilipowaka akalishusha taratibu mpaka getini. Siwezi kumkata nyota mtu kwa kukataa kutupindua.

Nilisema tulihitaji libaki. Kukutanisha ukoo si kufika tu, ni kuwafikisha wengine. Mama mkubwa alitakiwa kutoka Mwika, shangazi wawili Kilema, babu mdogo mwenye kiti cha magurudumu Mamba. Gari lilizunguka siku nzima likikusanya wazee, na hapo ndipo mlango ule mpana na ngazi ya chini viliponifurahisha: kiti cha magurudumu kilikunjwa kikaingia, babu akabebwa na vijana wawili akakalishwa bila kugonga kichwa. Dereva alibeba kigoda cha mbao cha kukanyagia, chake mwenyewe. Kwa jinsi kilivyokuwa kimelika, wazee wengi wamekikanyaga.

Siku yenyewe sitaisimulia yote, hii si harusi. Mtori, kiburu, ndafu mbili zikiwa na majani mdomoni, mbege kwa wanaoiweza. Tulipiga picha ya vizazi vinne, bibi mkubwa katikati na mwanangu mapajani, akamshika mguu akauliza huyu ni wa nani, akaambiwa, akauliza tena, akaambiwa tena. Alipojibiwa mara ya tatu akasema anajua, alitaka tu kusikia. Ninachotaka kusema kuhusu gari ni kwamba saa nane mchana, watoto wadogo wote wa ukoo walipokuwa hoi na nyumba imejaa watu na muziki, tulifungua milango ya Hiace chini ya migomba, tukatandika vitenge kwenye viti, na walilala humo saba. Dereva alikaa kwenye kigoda chake mlangoni na sahani ya nyama, analinda. Shilingi 125,000 za siku ya kulala, na kwa mara ya kwanza sikuziona nyingi.

Kurudi kulikuwa na watu wengi zaidi barabarani na ndipo tukapata pancha, karibu na Hedaru. Pancha si kosa la mtu. Lakini spea iliposhushwa ilikuwa kipara kabisa, nyuzi zinaonekana. Kwa kampuni inayobeba familia hilo halina maelezo. Dereva mwenyewe aliaibika, akasema aliandika kwenye daftari la ofisi tangu Novemba kwamba libadilishwe, akanionyesha picha ya ukurasa ule kwenye simu yake. Hakukubali tuendelee na lile tairi. Watoto wakakaa kivulini, yeye akapanda pikipiki kurudi Same, akaja na tairi la mtumba zuri, 120,000, tukalipa sisi maana simu ya ofisi ilikuwa haipokelewi. Akanipa risiti kwa mikono miwili. "Itunze hiyo, mama. Mimi Mpare nakwambia, usiipoteze." Mama mkwe alicheka mpaka akashika goti.

Ofisi wamekubali kwa maneno kwamba watarudisha 120,000. Bado hawajarudisha. Pamoja na ile laki isiyo na risiti, ndizo hesabu nilizosema.

Nani wakodi usafiri wa namna hii? Kama mko watano na watoto wenu wanajitegemea, pandeni basi, mtaokoa hela. Mafuta peke yake ya kwenda yalikaribia 200,000. Mkiwa kumi na zaidi, mna mzee na mna wa kunyonya, gawaneni kama tulivyogawana sisi na wifi, haiumi sana. Andikianeni kila kitu, hata kwa ujumbe wa simu: bei ya mwisho, siku za kulala, posho, na nani analipa likitokea la tairi. Ombeni spea ishushwe muione kabla ya kulipa nusu ya kwanza. Na pafyumu itolewe.

Pasaka tunarudi, kuna kipaimara Mwika. Nimeshampigia dereva, nikamuuliza jambo moja tu, kama spea imebadilishwa. Hakujibu kwa maneno, alinitumia picha ya tairi jipya lenye kibandiko cha dukani bado, na chini yake ameandika: "Mwambie Bibi kesi imeisha." Nimemwambia. Amesema anataka kuliona kwa macho.